Paneli ya Wati 200 kwa Shilingi 95,000: Bei Iliyobaki Ililipwa na Betri

Bidhaa ninayoipitia ni paneli ya sola yenye lebo ya wati 200, iliyonunuliwa Kariakoo kwa shilingi 95,000 na kufungwa juu ya bati la nyumba ya mjomba wangu nje kidogo ya Kisiju, wilayani Mkuranga, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika na upepo wa chumvi kutoka baharini haukatiki. Duka silitaji, na jina lililo kwenye paneli nalo silitaji, kwa kuwa jina hilo ni stika tu iliyobandikwa nyuma, na paneli ileile huuzwa duka la jirani ikiwa na stika nyingine. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asisumbuke: kama paneli ya wati 100, ni bidhaa ya kawaida yenye kasoro kadhaa, kama paneli ya wati 200, ni udanganyifu, na udanganyifu huo uliua betri ya shilingi 420,000 kabla haijatimiza miaka miwili.

Mahitaji ya nyumba yenyewe ni ya kawaida kabisa. Kuna taa nne za wati 5, televisheni ya inchi 32 pamoja na king'amuzi chake, na simu za wateja ambazo mjomba huzichaji kwenye genge lake kwa shilingi 500 kila moja. Ukijumlisha matumizi ya siku moja, yaani taa na televisheni kwa saa tano za jioni na simu nane hivi, unapata kiasi cha wati-saa 425, ambazo kwa betri ya volti 12 ni sawa na ampea-saa 35. Paneli ya kweli ya wati 200, katika ukanda huu wa pwani unaopata kwa wastani jua la nguvu kamili la takriban saa tano kwa siku, ingerudisha kiasi hicho bila shida na kubakiza akiba ya siku za mawingu. Kwa hiyo hesabu aliyopigiwa mjomba dukani ilikuwa sahihi kwa maandishi ya lebo, na aliyepiga hesabu hiyo hakukosea popote isipokuwa kwenye namba ya kwanza.

Namba hiyo ya kwanza inaweza kuhakikiwa kwa futi ya fundi seremala. Kipimo cha wati cha paneli yoyote hutolewa katika hali maalumu ya maabara: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Paneli nzuri zilizopo sokoni leo hugeuza kati ya asilimia 18 na 24 ya mwanga huo kuwa umeme, maana yake ni kwamba mita moja ya mraba haiwezi kutoa zaidi ya wati 240 au karibu na hapo, hata kama imetengenezwa kwa uangalifu wa hali ya juu. Paneli ya mjomba ina urefu wa milimita 1,020 na upana wa milimita 670. Eneo lake lote, fremu ikiwemo, halifikii mita 0.7 za mraba, na hata ingekuwa miongoni mwa paneli bora duniani isingevuka wati 170. Kisha ukiitazama kwa karibu unaona kwamba seli zake hazikujaza kioo: kati ya safu na safu kuna mistari mipana ya plastiki nyeupe, na pembeni kumebaki ukanda mtupu unaoweza kulaza vidole vitatu. Vipimo hivyo vya urefu na upana ndivyo vilivyokuwa vikitumika miaka mingi kwa paneli za wati 100.

Nilipoipima juani, saa sita mchana ya siku isiyo na wingu, kwa multimeta ya kawaida inayosoma hadi ampea 20, mkondo wa kufunga mzunguko, yaani ampea zinazopita ncha mbili za paneli zikiunganishwa moja kwa moja, ulikuwa ampea 5.8. Lebo inasema 11.8. Volti za wazi, yaani za paneli isiyounganishwa na kitu, zilikuwa karibu na zile za lebo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoachwa, kwa sababu muuzaji akiombwa kupima hupima volti peke yake, na volti za paneli hutegemea idadi ya seli zilizounganishwa, wala hazitegemei ukubwa wake. Paneli ndogo ya wati 20 yenye seli 36 itakuonyesha volti 21 sawasawa na ile ya wati 200. Kinachotofautisha ni ampea, na ampea za paneli hii zinasema wati 100.

Ukishajua hilo, bei yenyewe inabadilika sura. Kwa lebo, mjomba alinunua kila wati kwa shilingi 475, bei ambayo ingemshangaza mtu yeyote anayefanya biashara hii. Kwa ukweli, alinunua kila wati kwa shilingi 950. Paneli halisi ya wati 200 tuliyoinunua baadaye iliuzwa shilingi 230,000, yaani shilingi 1,150 kwa wati. Ule unafuu wa zaidi ya nusu ya bei ulikuwa, kwa kila wati, shilingi 200 tu, na hapo bado hatujaingiza kitu kingine chochote katika hesabu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, na ambalo halionekani dukani hata kwa futi wala kwa multimeta. Lebo hupimwa kwa nyuzi 25, lakini bati la Kisiju mwezi wa Januari haliijui nyuzi 25. Fundi aliilaza paneli moja kwa moja juu ya bati, bila kuacha nafasi ya hewa kupita chini yake, na seli za paneli iliyolazwa namna hiyo hufika nyuzi 60 na kuzidi. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, hivyo kwa nyuzi 60 hasara ni asilimia 14, na sehemu kubwa ya hasara hiyo huja kwa njia ya kushuka kwa volti. Volti 18 za kazi zilizoandikwa nyuma zinabaki kama 15.5. Kutoka hapo umeme unapita kwenye waya wa mita kumi na tano kwenda na mita kumi na tano kurudi. Waya huo uliuzwa kama shaba ya milimita 2.5, lakini nilipoukwangua kwa kisu rangi ya shaba ilitoka na ndani yake kukaonekana alumini inayong'aa. Waya wa alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme kwa uwezo wa kama theluthi mbili tu ya shaba tupu, na kwa ampea 5 hupoteza zaidi ya volti moja na nusu njiani. Kinachofika kwenye chaji kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, ni volti 14 au pungufu.

Betri ya jeli ya volti 12 huhitaji kufikishwa volti 14.1 hadi 14.4, kutegemea mtengenezaji, na kushikiliwa hapo kwa muda ndipo ijae kikweli. Kwa hiyo, hata katika siku ambayo jua lilikuwa kali na hakuna aliyewasha kitu chochote, paneli hii ilikuwa ikisukuma umeme mwingi asubuhi betri ikiwa chini, kisha kadiri betri ilivyopanda ndivyo mkondo ulivyofifia, hadi saa tisa alasiri ambapo hakukuwa na la maana linaloingia. Na siku za namna hiyo zilikuwa chache, kwa sababu kila jioni nyumba ilichota ampea-saa 35 wakati paneli ilirudisha ishirini na kidogo. Kila siku betri ilidai, na kila siku deni liliongezeka, mpaka kontrola ilipokata umeme yenyewe usiku wa manane.

Nilipomuuliza mjomba kama aliwahi kuiona taa ya kijani ya kontrola, ile inayowaka betri ikijaa, alifikiri kidogo akasema: "Mpwa wangu, hiyo taa niliiona siku ya kwanza alipokuja fundi. Nikadhani ni ya kuonyesha kwamba mtambo ni mpya."

Betri ya risasi na asidi, iwe ya maji au ya jeli, haisamehe kuachwa na njaa. Inapotoa umeme, bamba zake hupata utando wa salfeti ya risasi, na inapochajiwa hadi kujaa utando huo huyeyuka na kurudi ulikotoka. Ikiachwa nusu kwa siku nyingi mfululizo, salfeti hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi tena, na kila sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo huwa imekufa. Mwenye betri huona kwamba usiku wa kwanza ilidumu hadi saa sita, baada ya miezi ilidumu hadi saa nne, na baadaye hata taa mbili hazifiki saa mbili. Paneli juu ya bati inaonekana nzima, inang'aa kama siku iliyofungwa, kwa hiyo lawama yote inaiendea betri. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Fundi alikuja, akapima volti 11.7 asubuhi, akachukua shilingi 20,000 za usumbufu na nauli, akasema betri za siku hizi ni feki na inatakiwa nyingine.

Betri hiyo haikuwa feki. Tuliipima kwa mizani ya korosho ikaonyesha kilo 29, uzito unaostahili kwa betri ya jeli ya ampea-saa 100, kwa kuwa risasi haidanganyi kwenye mizani na zile za bandia huwa nyepesi kwa kilo nyingi. Ilikuwa betri nzuri iliyowekewa paneli isiyoweza kuilisha. Laiti mjomba angefuata ushauri wa fundi na kununua nyingine ya aina ileile, ingekufa kwa njia ileile na kwa muda uleule, na angeendelea kununua betri kila baada ya miaka miwili huku akijivunia paneli aliyoipata kwa bei ya chini. Betri ya namna hiyo, ikijazwa kila siku na isipochotwa zaidi ya nusu, kwa kawaida hudumu miaka minne hadi mitano. Tofauti ya bei kati ya paneli mbili ilikuwa shilingi 135,000. Nusu ya maisha ya betri iliyopotea, kwa hesabu ya chini kabisa, ni shilingi 210,000. Mapato ya kuchaji simu katika miezi ambayo genge lilikuwa gizani siyaingizi, kwa sababu mjomba hana daftari la kutosha kunipa namba ya kuaminika, ingawa mkewe anayo namba yake na huitaja kwa sauti.

Baada ya kuishusha paneli nilifungua kisanduku cheusi kilicho nyuma yake, mahali nyaya zinapotokea. Kifuniko kilitoka kwa kucha. Hakukuwa na mpira wa kuzuia maji kuzunguka ukingo wake, na ndani kulikuwa na unga wa kijani juu ya vituo vyote viwili, alama ya shaba iliyoliwa na hewa ya chumvi. Nyaya zilikuwa zimesokotwa na kutiwa lehemu iliyopoa kabla ya kushika, kiasi kwamba mmoja ulizunguka nilipougusa. Nafasi za diodi zilikuwepo, zimechongwa vizuri kwenye plastiki, lakini diodi zenyewe hazikuwekwa. Paneli ya seli 36 kwa kawaida huwa na diodi mbili za kupitishia umeme pembeni, kila moja ikilinda nusu ya seli: kivuli kikifunika seli moja, umeme wa nusu ile nyingine hupata njia badala ya kulazimishwa kupita kwenye seli iliyofunikwa na kuiunguza. Nyumba ya mjomba ina mnazi upande wa magharibi, na kila alasiri kuti moja hupitisha kivuli chake juu ya kona ya chini ya paneli. Kwenye kona hiyo hiyo kuna seli yenye doa la kahawia ukubwa wa sarafu, na plastiki ya nyuma yake imevimba. Diodi mbili za kuzuia hayo ni kitu cha bei ndogo sana kiwandani, na sioni maelezo mengine ya kutokuwepo kwake isipokuwa kwamba aliyetengeneza alijua mnunuzi hatafungua kisanduku.

Kwa upande wa lebo, kuna herufi za IEC 61215 na IEC 61730, ambazo ni viwango vya kimataifa vya uimara na usalama wa paneli. Kiwango cha kwanza ni kigumu kweli: paneli za sampuli huwekwa ndani ya chumba chenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, na nyingine hupitishwa mara 200 kutoka baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 85. Kipo pia kiwango cha IEC 61701 kwa paneli zinazokwenda kukaa karibu na bahari, na mkazi wa pwani anayo haki ya kukiulizia. Lakini cheti cha viwango hivi hutolewa kwa kiwanda na modeli maalumu, chenye namba inayoweza kufuatiliwa. Lebo ya paneli hii haina jina la kiwanda, haina nchi, haina anwani, na haina namba ya pekee ya paneli, namba ambayo kwenye paneli za uhakika huwekwa chini ya kioo pamoja na seli ili isiweze kubanduliwa. Ina pia alama ya kupungua au kuzidi kwa asilimia 10, wakati watengenezaji wanaojiamini siku hizi huandika kwamba paneli yao inaweza kuzidi lebo na haitapungua. Herufi za IEC katika mazingira hayo ni maandishi tu.

Dhamana nayo ina kisa chake. Boksi limeandikwa miaka 25. Karatasi ya mauzo, iliyoandikwa kwa mkono, imepigwa muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi", na haikuwa risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi. Mtu asiye na risiti halali hana cha kushika mkononi akienda kulalamika, iwe dukani, iwe Tume ya Ushindani ambayo ndiyo hushughulikia bidhaa bandia Tanzania Bara, iwe Shirika la Viwango. Na hata angekuwa nayo, kuitoa paneli Kisiju hadi Mbagala Rangi Tatu juu ya basi, kisha kuifikisha Kariakoo bila kupasuka kioo ambacho hakikuchomwa kuwa kigumu, ni safari ambayo watu wengi wataona haina maana kwa mali ya shilingi 95,000. Wauzaji wanalijua hilo.

Jambo hili halikuanza leo. Huko Kenya, ambako soko la sola za majumbani lilikua mapema kuliko kwa majirani, watafiti Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kupima paneli za silikoni ya amofasi, yaani isiyo na fuwele, zilizokuwa zikiuzwa kwa wingi kwa familia za vijijini. Chapa nyingi zilifanya kazi inayoridhisha, lakini chapa moja ilikuwa chini mno ya lebo yake, na wanunuzi hawakuwa na namna ya kuitofautisha na nyingine. Teknolojia imebadilika na paneli za siku hizi ni za fuwele, lakini hali ya mnunuzi mbele ya meza ya duka imebaki vilevile, na ningesema imekuwa mbaya zaidi kwa kuwa bei za paneli nzuri zimeshuka kiasi kwamba bei ya chini haimshtui mtu tena.

Niseme neno kuhusu kontrola, kwa sababu iliuzwa pamoja na paneli na inastahili kupitiwa pamoja nayo. Imeandikwa MPPT kwa herufi kubwa. Kontrola ya MPPT ya kweli hugeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea, na ili ifanye hivyo lazima iwe na koili ya shaba ndani, jambo linaloifanya kuwa nzito mkononi. Hii ni nyepesi kama pakiti ya biskuti, na ndani yake hakuna koili. Ni PWM ya kawaida, ambayo huiunganisha paneli na betri moja kwa moja, kwa hiyo hata zile wati 100 zilizokuwepo hazikufika zote. Kwa bei ya shilingi 25,000 PWM si aibu, na mfumo mdogo hauhitaji zaidi ya hiyo. Aibu ni maandishi.

Ipo gharama nyingine ambayo haikumgusa mjomba mfukoni lakini itamgusa mtu fulani. Betri ya kilo 29 iliyokufa sehemu yake kubwa ni risasi, na wanunuzi wa vyuma chakavu huifuata mpaka mlangoni. Inakokwenda huyeyushwa, na pale inapoyeyushwa ovyo madhara yake yanajulikana: katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo, na baada ya mapambano yaliyoongozwa na Phyllis Omido, mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea hadi mahakama za juu. Kila betri inayokufa miaka miwili au mitatu kabla ya wakati wake ni mzigo wa ziada kwenye mkondo huo. Tuliyoiua sisi tumeiuza kwa duka la betri lililotupunguzia bei ya mpya, angalau ikaenda kwa mtu mwenye anwani.

Paneli ya pili, ile ya shilingi 230,000, ina urefu wa milimita 1,480 na upana uleule wa milimita 670, yaani karibu mita moja kamili ya mraba, na kwa ukubwa huo wati 200 ni jambo linalowezekana. Siku ileile na jua lilelile lililoipa ya kwanza ampea 5.8, hii ilitoa 11.2. Kisanduku chake kimefungwa kwa mpira, diodi zake zipo, na namba yake iko chini ya kioo. Haikosi dosari: ni nzito na ndefu, ilihitaji watu wawili kuipandisha, mashimo ya fremu yake hayakulingana na vyuma tulivyokuwa navyo, na wakala wa dhamana yuko Dar es Salaam peke yake. Tumeiinua juu ya bati kwa mbao za inchi nne ili hewa ipite, tumeisogeza mbali na kivuli cha mnazi, na waya tumebadilisha kwa shaba tupu ya milimita 6, ambao kwa kweli ulikuwa ghali kuliko nilivyotarajia. Taa ya kijani sasa huwaka kabla ya saa nane mchana. Paneli ya zamani, baada ya kutiwa diodi na kufungwa upya kwa silikoni, tumeiunga sambamba na mpya, kwa kuwa zote zina seli 36, na inaleta ampea zake tano bila ugomvi, ingawa ile seli iliyoungua naiangalia kila nikienda.

Simlaumu mjomba, na singependa msomaji amlaumu mnunuzi yeyote wa aina yake. Fedha ya korosho huja kwa msimu, hugawanywa kwa ada, madeni na bati, na kinachobaki ndicho kinachokwenda Kariakoo. Mtu mwenye shilingi laki moja hawezi kununua kitu cha laki mbili na thelathini kwa sababu tu mwandishi amemwambia ni bora. Lakini anaweza kununua wati 100 za kweli kwa fedha hiyo hiyo au kwa kuongeza kidogo, akajua kwamba ana wati 100, akapunguza saa za televisheni na kuchukua betri ndogo inayolingana na paneli hiyo, kisha msimu unaofuata akaongeza paneli ya pili. Mfumo mdogo uliosawazishwa huishi miaka. Kilichomgharimu mjomba ni kupangiwa betri na matumizi ya wati 200 juu ya paneli ya wati 100, na aliyempangia hivyo alikuwa na lebo tu ya kumwongoza.

Kwa anayekwenda kununua wiki hii, futi na multimeta ya shilingi 25,000 vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha zidisha kwa 200; ukipata namba iliyo chini sana ya lebo, usiendelee. Omba paneli itolewe nje juani na upime ampea, wala usikubali volti peke yake. Fungua kisanduku cha nyuma mbele ya muuzaji, na udai risiti ya EFD yenye modeli ya paneli iliyoandikwa. Katika duka tulilonunua ya pili, muuzaji alituazima waya mwenyewe na kuishikilia paneli ilielekee jua wakati tunapima, huku wateja wengine wakikusanyika kutazama, na mmoja wao akamwomba apimiwe na ya kwake aliyokwisha kuilipia. Ya wati 150 ikatoa 8.1. Akaibeba akaondoka nayo.